Jinsi ya Kupanga Kazi za Programu Zijiendeshe Zenyewe kwa Saa Maalumu

Mteja wa Mombasa akikuambia kwamba anataka ripoti ya mauzo imfikie saa mbili asubuhi, tarakimu ya kuandika kwenye ratiba ya kompyuta ni 8, wala si 2. Jambo hili huonekana dogo mno la kumwambia mtu mzima, lakini nimewahi kuona jumbe za kuwakumbusha wateja madeni yao zikitumwa saa nane za usiku kwa sababu kijana aliyeandika ratiba alisikia "saa mbili" akaandika 2, na kulipokucha simu za ofisi hazikupata kupoa. Programu ya kupanga kazi haijiulizi kama ni adabu kumdai mtu usiku wa manane. Hufanya kama ilivyoandikiwa, na kesho yake hurudia.

Kwa hiyo hatua ya kwanza hufanyika kwenye karatasi. Orodhesha kazi zote ambazo mfumo utazifanya wenyewe, na mbele ya kila kazi uandike saa yake kwa namna mbili, ya Kiswahili na ile ya saa ishirini na nne, kisha umsomee mteja mpaka aridhike. Siku za juma nazo zina mtego wao. Jumatatu ina tatu ndani ya jina lake na Jumatano ina tano, kwa kuwa hesabu yetu huanzia Jumamosi. Kompyuta huanza na Jumapili kwa 0, kwa hiyo Jumatatu yake ni 1, Jumatano ni 3, Ijumaa ni 5 na Jumamosi ni 6. Aliyeandika 5 akidhani ameandika Jumatano atashangaa kazi yake ikifanyika Ijumaa. Zaidi ya hayo, mzee wa Mji wa Kale akisema "usiku wa Ijumaa" huenda anakusudia usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kwa kompyuta, kabla ya kufika saa sita, bado ni Alhamisi. Muulize waziwazi kama ni usiku wa kuamkia Ijumaa au wa kuamkia Jumamosi, wala usione haya.

Mfano nitakaoutumia ni wa duka la jumla la viungo lililo karibu na Marikiti. Kila usiku saa nane, mfumo wa duka hulinganisha malipo ya M-Pesa na ankara zilizoandikwa, na ifikapo saa tisa hifadhidata hunakiliwa mahali pengine kwa akiba. Mwisho wa mwezi hesabu hufungwa, na mapema kabla ya tarehe 20, ambayo ni siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za VAT za mwezi uliotangulia, mfumo hutayarisha muhtasari wa kodi. Hizi ni kazi nne tu, lakini ndani yake zimo karibu hitilafu zote ninazozijua.

Mstari wa kwanza

Kwenye seva ya Linux, chombo kilicho karibu ni cron, programu inayoamsha kazi kwa saa zilizoandikwa kwenye jedwali lake. Ni chombo cha zamani: kilikuwamo katika Unix toleo la 7 la mwaka 1979, na cron nyingi za leo zimetokana na ile aliyoiandika Paul Vixie mwaka 1987. Fungua jedwali lake kwa amri ya crontab -e, uandike hivi:

0 2 * * * /opt/duka/linganisha.sh

Sehemu tano za mwanzo, kutoka kushoto, ni dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, na siku ya juma. Nyota maana yake ni kila moja. Mstari huo basi unasema: endesha linganisha.sh, skripti (faili la amri) ya kulinganisha malipo, dakika ya 0 ya saa 2, yaani saa nane kamili za usiku, kila siku. Ujihadhari na crontab -r, ambayo hufuta jedwali zima, na kwenye matoleo mengi haikuulizi mara mbili. Herufi e na r zimekaa bega kwa bega kwenye kibodi, nami siamini kwamba kuna msanidi programu aliyefanya kazi miaka mingi bila kuteleza kwenye bonyezo hilo. Liweke jedwali lako kwenye faili ndani ya hazina ya msimbo pamoja na programu yenyewe, ili likipotea lirudishwe kwa dakika moja.

Mipangilio mingine ya cron husomeka vingine na kufanya vingine. Ukiandika */40 kwenye dakika, hupati kazi ya kila baada ya dakika arubaini. Unapata dakika ya 0 na ya 40 ya kila saa, kwa hiyo nafasi kati ya kazi na kazi ni arubaini, kisha ishirini, kisha arubaini tena. Ukiandika 0 9 20 * 1 ukitumaini kuipata tarehe 20 inayoangukia Jumatatu, cron itaifanya kazi kila tarehe 20 na pia kila Jumatatu, kwa maana siku ya mwezi na siku ya juma zikitajwa zote mbili, mojawapo ikitimia inatosha. Alama ya asilimia ndani ya jedwali hugeuzwa kuwa mstari mpya isipotanguliwa na mkwaju wa nyuma (\). Na hakuna namna ya kusema "siku ya mwisho ya mwezi" kwa cron ya kawaida. Tunalizunguka jambo hilo kwa kuiamsha kazi tarehe 28 hadi 31 na kuiuliza kama kesho ni tarehe mosi:

0 22 28-31 * * [ "$(date -d tomorrow +\%d)" = 01 ] && /opt/duka/funga-mwezi.sh

Saa ya seva

Seva nyingi za kukodi huja zikiwa zimewekwa saa ya kimataifa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Kenya haisogezi saa mbele wala nyuma kwa msimu, kwa hiyo tofauti hiyo haibadiliki mwaka mzima, na wengi wetu hutoa tatu kichwani tukaona tumemaliza. Tatizo huja kwenye mpaka wa siku. Saa nane za usiku Mombasa ni saa 23 za UTC za siku iliyotangulia. Kazi unayotaka ifanyike tarehe mosi ya kila mwezi saa nane za usiku itaangukia siku ya mwisho ya mwezi uliopita kwa saa ya seva, na siku hiyo, kama tulivyokwisha kuona, cron haijui kuitaja. Hali kadhalika, skripti inayoiuliza seva "leo ni tarehe gani" kati ya saa sita na saa tisa za usiku itajibiwa tarehe ya jana, na ripoti ya "jana" itakuwa ya juzi.

Rai yangu ni kuihifadhi miamala yote kwa UTC ndani ya hifadhidata, lakini ratiba yenyewe uiandike kwa ukanda wa Africa/Nairobi, na uutaje ukanda huo wazi badala ya kuutegemea mpangilio wa mashine. Baadhi ya cron, kama ile ya Linux za jamii ya Red Hat, hukubali mstari wa CRON_TZ=Africa/Nairobi juu ya jedwali. Ile ya Debian ya siku nyingi haiujali mstari huo, kwa hiyo huko ama uibadilishe saa ya mashine nzima au utumie vipima saa vya systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, nitakavyovieleza chini.

Kazi ikiamka gizani

Skripti inayofanya kazi vizuri ukiiendesha kwa mkono inaweza kufa mara tu cron inapoiendesha. Sababu ni kwamba wewe umeingia na mazingira yako yote: njia za kutafutia programu, nywila zilizohifadhiwa, na folda uliyosimama ndani yake. Cron huanza karibu mikono mitupu, na njia zake kwa kawaida ni /usr/bin na /bin tu. Andika anwani kamili ya kila faili na kila programu iliyo nje ya njia hizo, soma mipangilio kutoka faili moja inayojulikana, na kabla ya kukabidhi kazi uijaribu kwa mazingira makavu:

env -i /bin/sh -c '/opt/duka/linganisha.sh'

Ikipita hapo, kuna matumaini.

Iandike kama itakayofanyika mara mbili

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo ninapowaona vijana wengi wakipita mbio. Mtu hutumia siku nzima kuchagua programu ya kupanga ratiba, ilhali programu zote, hata za bei kubwa, zinaweza kuifanya kazi mara mbili au kuiacha kabisa. Umeme hukatika kazi ikiwa katikati. Mtandao hukatika baada ya ombi kufika na kabla ya jibu kurudi. Mtu akiona ripoti imechelewa huiendesha kwa mkono, na dakika hiyohiyo ratiba nayo inaiendesha. Jiulize: kazi hii ikifanyika mara ya pili, kuna mtu atakayelipishwa, atakayeudhiwa au atakayedanganywa?

Kwa ulinganishaji wa malipo, dawa imo ndani ya data yenyewe. Kila muamala wa M-Pesa una nambari yake yenye herufi na tarakimu kumi kwa jumla, isiyofanana na nyingine. Iwekee safu hiyo sharti la upekee kwenye hifadhidata, na uiandike kazi kwa namna ambayo ikikutana na nambari iliyokwisha kuingizwa inaipita bila kulalamika. Ukifanya hivyo, kazi inaweza kuendeshwa mara kumi usiku mmoja na hesabu za duka zikabaki zilezile.

Tarehe nayo usiiache ikisiwe na saa ya ukutani. Iandike skripti ipokee tarehe unayoitaka, kama vile linganisha.sh 2025-03-14, na isipopewa tarehe itafute yenyewe siku zote ambazo bado hazijafungwa tangu ile ya mwisho iliyofungwa salama. Skripti inayojua "jana" peke yake, ikikosa usiku mmoja, siku hiyo imepotea moja kwa moja, na mtu wa kuigundua atakuwa mhasibu mwisho wa mwezi. Niliwahi kuwa na seva ndogo iliyokaa chini ya meza ya ofisi mtaa wa Tudor. Umeme ulikatika Jumamosi jioni ukarudi Jumatatu asubuhi, na cron, ambayo hailipi deni la saa zilizopita mashine ikiwa imezimwa, iliendelea na usiku wa Jumatatu kana kwamba Jumamosi na Jumapili hazikuwahi kuwapo.

Ujumbe wa simu ni mgumu zaidi, kwa kuwa ukishatoka haurudi. Weka jedwali la jumbe zinazosubiri, lenye ufunguo wa upekee wa ankara na tarehe, na uutie kila ujumbe alama ya kwamba umetumwa. Lakini kati ya kutuma na kutia alama pana upenyo ambao mashine inaweza kufia hapo, nawe huna budi kuchagua: ukitia alama kwanza kisha ukatuma, huenda mteja mmoja asipate ujumbe, ukituma kwanza kisha ukatia alama, huenda mmoja akapata mara mbili. Kwa kumkumbusha mtu deni mimi huchagua akose, maana kudaiwa mara mbili kwa ankara moja kunavunja heshima. Kwa taarifa ya kwamba mzigo wake umefika bandarini Kilindini na siku za bure za kuuhifadhi zimeanza kuhesabiwa, ningechagua apate mara mbili.

Baada ya hapo izuie kazi isijikanyage. Ulinganishaji ambao kwa kawaida huchukua dakika nne unaweza siku moja kuchukua saa nzima, na ukiwa umeupanga kila nusu saa, wa pili utaanza wa kwanza haujamaliza. Amri ya flock huweka kufuli, na timeout huikata kazi iliyokwama:

*/30 * * * * flock -n /opt/duka/malipo.lock timeout 25m /opt/duka/linganisha.sh >> /var/log/duka/malipo.log 2>&1

Ile -n maana yake ni kwamba kufuli likiwa limeshikwa, kazi mpya iondoke papo hapo isipange foleni. Kufuli hili hulinda mashine moja tu. Mkiwa na seva mbili, kufuli liwe kwenye hifadhidata wanayoitumia wote, na programu ya hifadhidata ya PostgreSQL ina kufuli za namna hiyo zilizo tayari.

Kuhusu kujaribu tena, kanuni ni fupi. Hitilafu ya mtandao ijaribiwe baada ya dakika moja, kisha mbili, kisha nne, kisha nane, ukiongeza sekunde chache za kubahatisha ili mashine nyingi zisigonge mlango kwa pamoja. Hitilafu ya ombi lililoandikwa vibaya usiijaribu tena hata mara moja, kwa sababu kosa litabaki kosa.

Ukimya ndio habari

Sasa nakueleza aibu yangu mwenyewe. Kazi ya saa tisa za usiku, ile ya kunakili hifadhidata, ilikuwa mstari mmoja: pg_dump duka | gzip, ambapo pg_dump hutoa nakala ya hifadhidata na gzip huibana, na matokeo yakiingia kwenye faili lenye tarehe ya siku. Kila asubuhi faili lilikuwapo. Siku moja nilihitaji kurudisha data ya wiki iliyopita, nikaorodhesha folda, nikaona kila faili lina baiti 20. Baiti 20 ni ukubwa wa faili la gzip lisilo na kitu ndani. Nywila ya hifadhidata ilikuwa imebadilishwa wiki tatu nyuma, pg_dump ikawa inakataliwa kila usiku, na gzip kwa uaminifu mkubwa ikawa inabana utupu na kuripoti kwamba imefaulu. Amri zikiunganishwa kwa mfereji, yaani ile alama ya |, matokeo yanayohesabiwa ni ya amri ya mwisho, mpaka useme vingine. Skripti iliyofuata ilikuwa hii:

#!/bin/bash
set -euo pipefail
source /etc/duka/mazingira
FAILI=/var/nakala/duka-$(date +%F).sql.gz
pg_dump duka | gzip > "$FAILI"
test "$(stat -c %s "$FAILI")" -gt 1000000
curl -fsS --retry 3 "$ANWANI_YA_MLINZI" > /dev/null

Mstari wa pili huifanya skripti isimame kwenye hitilafu ya kwanza, ikiwamo iliyo katikati ya mfereji. Mstari wa sita huuliza kama faili limezidi baiti milioni moja. Chagua kiwango kilicho chini kidogo ya nakala yako ya kawaida. Mstari wa mwisho ndio ninaotaka uutazame zaidi. Unapiga hodi kwenye huduma iliyo nje ya seva, ambayo imeambiwa itarajie hodi hiyo kila usiku kabla ya saa kumi, na isipoisikia ikupigie simu au ikutumie ujumbe.

Wengi hupanga kinyume: kazi ikishindwa, kazi hiyohiyo itume barua ya kulalamika. Lakini seva iliyozimika haiwezi kutuma barua, na cron iliyosimamishwa haiwezi kulalamika kwamba imesimamishwa. Mtaa wenye msikiti haungoji kutangaziwa kwamba muadhini anaumwa. Alfajiri ikipita kimya, watu wenyewe huenda kumgongea. Mlinzi wa kazi zako awe hivyo, awe nje, na asikilize kimya. Na mara moja kwa mwezi irudishe nakala moja kwenye hifadhidata ya majaribio uhesabu ankara zilizomo, kwa kuwa ukubwa wa faili haukuambii kilichomo ndani yake.

Cron isipotosha

Hatua ya kwanza juu ya cron ni vipima saa vya systemd, ambavyo viko tayari kwenye matoleo mengi ya Linux ya leo. Unaandika faili mbili, moja ya kazi na moja ya saa, na katika ile ya saa:

[Timer]
OnCalendar=*-*-* 02:00:00 Africa/Nairobi
Persistent=true
RandomizedDelaySec=5min

Ukanda wa saa umetajwa, mashine iliyokuwa imezimwa itaifanya kazi mara itakapowaka, na mwanzo wake utasogezwa kwa dakika chache za kubahatisha. Seva yangu ya Tudor ingeiendesha kazi iliyokosa mara tu umeme uliporudi Jumatatu ile, ingawa ingeiendesha mara moja tu kwa siku zote mbili, kwa hiyo ule ushauri wa kutafuta siku zisizofungwa unabaki palepale.

Wengine hupenda ratiba ikae ndani ya programu yenyewe. Wanaotumia Laravel huweka mstari mmoja tu wa cron unaoamsha php artisan schedule:run kila dakika, na mengine yote huandikwa kwa PHP. Python ina Celery Beat, Java ina Quartz. Faida ni kwamba ratiba husafiri pamoja na msimbo. Hasara huonekana siku mnapoongeza seva ya pili, kwa maana kila nakala ya programu hujiona ndiyo yenye zamu, na wateja hupata ripoti mbili. Celery Beat, kwa mfano, hutakiwa iendeshwe mahali pamoja tu. Quartz nayo huanza kuhesabu na sekunde, kwa hiyo mstari ulionakiliwa kutoka cron hautafaa humo kama ulivyo.

Kwenye Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, kuna CronJob, yenye kipengele cha timeZone, na concurrencyPolicy ambayo isipoguswa huruhusu kazi kupandana, iweke Forbid. Airflow, iliyoanzia kampuni ya Airbnb mwaka 2014, ni ya kazi zenye minyororo, ambapo ya tatu haianzi mpaka ya kwanza na ya pili zimekamilika. Ni nzito, inataka hifadhidata yake na mtu wa kuitunza, na kwa duka letu la viungo ingekuwa ni kukodi lori la kubebea kikapu.

Kabla hujakabidhi

Usipange kila kitu saa sita kamili za usiku. Kila mtu hupanga hivyo, na huduma unazoziita huwa zimelemewa dakika hiyo. Dakika ya 17 au ya 43 haigombaniwi na mtu. Juu ya kila mstari wa ratiba andika maelezo ya Kiswahili yanayosema kazi ni ya nani, ikishindwa nani aitwe, na kama ni salama kuirudia kwa mkono.

Kisha fanya majaribio mchana, mteja akiwapo. Iendeshe kazi mara mbili mfululizo na mlinganishe hesabu. Ipange dakika tano mbele, uzime seva, uiwashe tena baada ya dakika kumi, mwone imefanya nini. Mwisho, badilisha nywila ya hifadhidata kwa makusudi, uiache kazi ishindwe, uweke simu yako mezani na usubiri. Isipolia katika muda uliomwekea mlinzi, rudi kwenye ule mstari wa curl kabla hujatoka ofisini.